Posa inakuja, na mimi si Muha

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Mwanza. Nina mchumba, Msukuma wa Maswa, tumejuana tangu chuoni. Kwao wanataka kuleta posa Desemba. Ningetakiwa niwe nashona vitenge sasa hivi, lakini tangu habari hiyo itoke usingizi umenikimbia.

Nimezaliwa Mishamo, mkoa wa Katavi. Anayeijua Mishamo ameshaelewa. Babu na bibi walikimbia Burundi mwaka 1972, baba akiwa mtoto wa miaka minane. Walivuka ziwa hadi Kigoma, wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na makazi ya Mishamo yalipofunguliwa wakahamishiwa huko. Baba alikulia hapo, akaoa hapo, sisi watoto wote tumezaliwa hapo. Uraia waliomba, wakapewa, vyeti vikachelewa sana lakini vikaja. Mimi Burundi sijawahi kukanyaga. Kirundi nakisikia vizuri, ila wazee wakinisemesha nawajibu kwa Kiswahili.

Matatizo yalianza nilipokwenda shule ya bweni Tabora. Msichana mmoja alijua nilikotoka, akatangaza bwenini. Jina likaniganda: "Mkimbizi, lete ndoo." "Mkimbizi, zamu yako." Kidato cha tano nilihamia shule nyingine, na siku ya kwanza nilipoulizwa kabila nikasema mimi Muha wa Kasulu. Hakuna aliyeshtuka. Lugha zinakaribiana, majina ya ukoo hayapishani sana. Kuanzia hapo nimekuwa Muha chuoni, kazini, kanisani. Na kwa mchumba wangu pia. Yeye anachojua ni kwamba asili yetu ni Kasulu, na wazazi walihamia upande wa Mpanda kulima tumbaku.

Mama yake ananipenda, hilo siwezi kulificha. Ananiita mkamwana hata mahari bado. Lakini juzijuzi tulikuwa sebuleni kwake, taarifa ya habari ikaonyesha wakimbizi wa Nyarugusu wanapanda mabasi kurudi Burundi. Akasema, "Waende jamani. Watu hawa wanazaa, halafu wakipewa uraia wanachukua na ardhi. Miaka ishirini ijayo hutajua nani mwenyeji nani mgeni." Kisha akanigeukia: "Si ninyi Waha ndio mnaowajua, mmepakana nao?" Nikacheka. Shangazi, nilicheka.

Sasa baba yangu mdogo, ambaye anafanya biashara Kasulu, anasema ana dawa. Washenga wapokelewe nyumbani kwake Kasulu, yeye asimame kama mzee wa ukoo, baba na mama waje wakae miongoni mwa ndugu, shughuli iishe watu watawanyike. Anasema, "Mwaka 2013 uliona watu walivyosombwa. Usijitangaze." Baba amekataa. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alisema posa ya binti yake ataipokea nyumbani kwake, alipozikwa mama yake, na kama wakwe hawawezi kufika Mishamo, basi. Mama analia tu. Na mchumba wangu kila siku ananiuliza, washenga wakate tiketi ya Kasulu au ya Mpanda?

Nikimwambia, ataona nimemdanganya miaka yote hii. Nisipomwambia, ninaolewa kama nani? Na lingine linaniuma: mtu amezaliwa hapa, amesoma hapa, karatasi anazo. Kuna ulazima gani wa kueleza babu yake alitokea wapi? Mbona wengine hawaulizwi?

Binti wa Tumbaku, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Wakate tiketi ya Mpanda. Hilo nimelijibu kwanza kwa sababu ndilo lenye tarehe.

Swali lako la mwisho ndilo zito, na sehemu kubwa yake uko sahihi. Huna deni la kumweleza kila mtu babu yako alitokea wapi. Nchi hii iliuliza kabila kwenye sensa ya 1967, na tangu hapo haijauliza tena. Zilizofuata zote, hadi ile ya 2022, zilihesabu watu, nyumba, elimu na mifugo, kabila halikuwamo. Waliotawala waliona kuna maswali ambayo majibu yake hayajengi kitu. Kwa hiyo mwenzako kazini akikuuliza wewe kabila gani, unaweza kumwambia "Mtanzania," unaweza kumwambia "Mtu wa Katavi," unaweza kunyamaza. Hapo hujadanganya mtu.

Ila wewe hukunyamaza. Ulichukua kabila la watu. Na hapa nitakukera kidogo, maana sidhani umewahi kulitazama kwa upande wao.

Waha wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe wana kilio cha miaka mingi. Wanasimamishwa kwenye vizuizi, wanaulizwa babu kazaliwa wapi, wanakwama kwenye kitambulisho cha NIDA kwa sababu afisa hana hakika kama ni Muha au Mrundi. Malalamiko hayo yamefika hadi bungeni. Sasa afisa huyo shaka anaitoa wapi? Sehemu moja inatoka mpakani, kwenye lugha zinazofanana na ndugu waliogawanywa na mstari wa wakoloni. Sehemu nyingine inatokana na sisi kujua kwamba wapo wengi waliojificha chini ya jina la Uha. Kila anayefanya hivyo, hata kwa woga wa haki kabisa kama wako, anamwongezea mzee fulani wa Manyovu dakika kumi za kuhojiwa. Wewe ulipata ahueni bwenini. Kuna mtu aliyeilipia, na hakuulizwa.

Sikulaumu kwa la bwenini. Mtoto wa kidato anayeitwa "mkimbizi" kila anapoagizwa maji atashika ukuta wowote ulio karibu. Ila sasa una miaka 29 na unataka kuanza nyumba.

Baba yako mdogo namheshimu, na wewe usimwone mwoga. Woga wake una tarehe. Mpango wa wakimbizi wa 72 ulianza 2007: anayetaka kurudi Burundi arudishwe, anayetaka kubaki aombe uraia. Wengi mno walichagua kubaki, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Wakatakiwa waukane uraia wa Burundi. Halafu vyeti vikazuiwa, kwa sababu mpango ulikuwa wahamishwe makazini na kutawanywa mikoa mingine kwanza, na mikoa mingine haikuwa tayari. Miaka minne, mwanangu, mtu si Mrundi tena na Utanzania wake uko kabatini kwa mtu mwingine. Katikati ya hapo ndipo ikaja Operesheni Kimbunga ya 2013, Kagera, Kigoma na Geita, watu walioishi miaka na miaka wakavushwa mpaka. Mtu aliyeyaona hayo akiwa hana karatasi mkononi hawezi kusikia neno "jitambulishe" akatulia. Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti Oktoba 2014. Karatasi imekuja, hofu yake imebaki na ratiba yake yenyewe.

Lakini mpango wake wa Kasulu haufai, na sisemi haya kwa sababu ya maadili tu. Haufai kwa sababu hautadumu. Utafika mpaka msiba wa kwanza. Mama mkwe wako atataka kwenda kuzika na mkamwana wake, utampeleka wapi? Watoto wako watataka kwenda kwa babu likizo, watarudi Mwanza na hadithi na maneno ya Kirundi. Washenga wenyewe ni wazee wanaojua kuuliza. Muha yeyote wa kweli atakayealikwa kwenye shughuli hiyo akimsikiliza baba yako dakika tano ameshamjua. Mnataka kujenga juu ya ukimya wa kijiji kizima cha watu wasiowahusu.

Na kuna la baba yako. Alikuwa na miaka minane mwaka ule. Uasi ulizuka Aprili 1972 kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac, na serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi waliotolewa madarasani. Makadirio ya waliokufa ni kati ya laki moja na laki tatu. Mtoto aliyetoka humo akavushwa ziwa, akaishi makazini ambako hata kutoka kwenda Mpanda mjini kulihitaji kibali, akalima tumbaku, akasomesha, akamzika mama yake, akaapa kiapo cha uraia. Leo anaambiwa siku ya posa ya binti yake akae pembeni kama mgeni, kwenye nyumba ya mdogo wake. Mimi ningeshangaa kama angekubali.

Sasa mama mkwe. Maneno yake yamekuumiza, na yalistahili kuuma. Lakini yachambue, maana yamechanganya mambo mawili.

Ardhi si hadithi. Katavi na Kigoma watu wamegombana kweli kwa mashamba na malisho, na vijiji vilivyopokea kambi tangu 1993 viliona misitu yao ikiisha kwa kuni. Mtu anayesema "tumebanwa" simwiti mbaya. Hilo la pili, la kwamba wageni watazaana mpaka wenyeji wapotee, halina hesabu nyuma yake. Mwaka 2012 tulikuwa milioni 44.9. Mwaka 2022 tukawa milioni 61.7. Tumeongezeka kama milioni 16.8 kwa miaka kumi, na tumeongezeka kwa kuzaa sisi wenyewe, Usukumani kukiwa mbele wala si nyuma. Waliokubaliwa uraia wote wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu hawakufika wanne katika kila Watanzania elfu moja wa 2012. Aliyekuwa akihofia kumezwa na hao hajapita Kariakoo siku za karibuni.

Tena niseme la pembeni. Wasukuma wenyewe ndio watu wanaohama kuliko karibu wote nchi hii. Wametoka Shinyanga na Maswa na ng'ombe wao, wamefika Rukwa, Katavi, Usangu, Morogoro, hadi Lindi. Nenda Mpimbwe ukawasikilize Wapimbwe wakiwaeleza: wanazaa sana, wanachukua ardhi, miaka ishirini ijayo hatutakuwepo. Ni maneno ya mama mkwe wako, yamegeuziwa mwenyewe. Naweza kuapa ana binamu huko. Usimtupie hili mezani, utakuwa umeshinda mabishano na kupoteza nyumba. Liweke moyoni likusaidie kutomwogopa.

Na wale wanaosema "warudi kwao," wengine walirudi. Watu zaidi ya elfu hamsini wa 72 walirejea Burundi kuanzia 2008. Rumonge walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na watu wengine kwa miaka thelathini na zaidi, na watoto waliosoma kwa Kiswahili wakaingizwa kwenye shule za Kifaransa. Huko waliitwa Watanzania. Waulize ndugu zako waliokwenda, naamini unao.

Haya, tufanye kazi.

Mchumba wako umwambie wiki hii, kabla hajakata tiketi. Usimwambie kwa simu wala kwa ujumbe wa WhatsApp, na usimwambie nyumbani kwa mama yake. Tafuteni mahali mnapoweza kukaa saa mbili bila kuitwa. Anza na Mishamo na 1972, halafu bweni la Tabora, halafu uongo wenyewe uutaje kwa jina lake: nilikwambia mimi Muha, si kweli. Usianze na maneno ya mama yake kwenye televisheni. Ukianza na hayo atalazimika kumtetea mama yake, na mazungumzo yatakuwa yamehama kutoka kwako. Atakuuliza, "Na nini kingine umenificha?" Lazima atauliza. Mjibu, kisha umwache. Akitaka siku chache za kukaa kimya, mpe, usimfuate na ujumbe kila saa.

Atakachokuwa amekasirikia, kama ana akili ninayodhani anayo, si Burundi. Ni miaka ya kutoaminiwa. Kwa hilo ana haki ya kuomba maelezo, na wewe una wajibu wa kuyatoa.

Kwa wazazi wake usiende wewe. Hapa desturi yetu imekuwekea mtu: mshenga. Mchumba wako akishatulia, amweleze mshenga, na mshenga ndiye ayafikishe kwa mzee na mama, kwa wakati anaoujua yeye, kabla ya safari. Wazee wana namna yao ya kupokea habari nzito kutoka kwa mtu mzima mwenzao, namna ambayo kwako wewe isingepatikana. Mama atasema maneno. Mwache ayaseme huko, usiyasikie, na atakayekuletea umwambie hukuomba.

Cheti cha uraia cha baba kibaki sandukuni siku hiyo. Nakuomba sana. Najua kuna ndugu atakayetaka kukiweka mezani karibu na soda ili kuwaonyesha watu kwamba mko halali. Posa si ofisi ya Uhamiaji. Akija mgeni na kuuliza, baba aseme kwa mdomo wake: mimi ni Mtanzania, wazazi wangu walitoka Burundi, mama yangu amelala pale nyuma ya nyumba. Kisha wazungumzie ng'ombe. Warundi na Wasukuma kwenye mahari hawatahitaji mkalimani. Inkwano, yaani mahari ya Kirundi, ni ng'ombe, na mahari ya Usukumani ni ng'ombe, na wazee wa pande zote mbili wana maoni marefu mno kuhusu rangi ya ndama. Baba mdogo aje, na apewe kazi ya heshima, mathalani ya kuwapokea washenga na kuwaongoza njia. Ameishi na watu, anajua kuzungumza. Hofu yake itapungua akiona hakuna aliyekuja na pingu.

Kuhusu watoto mtakaojaliwa, usijitie presha. Mama raia, baba raia, wamezaliwa hapa: ni raia wa kuzaliwa. Kwako binafsi hakikisha tu kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na nakala ya cheti cha mzazi viko sehemu moja na majina yanalingana herufi kwa herufi. Herufi moja ikipishana, nenda ukarekebishe sasa, usingoje siku unayotaka pasipoti.

Yanaweza kutokea mambo matatu. Wakikubali, vizuri. Wakikataa kwa sababu babu yako alikimbia kuuawa, utaumia, nami sitakudanganya kwamba maumivu hayo ni madogo, lakini utakuwa umeyajua ukiwa bado kwenu. La tatu ndilo nililolihofia tangu nimeanza kusoma barua yako: waseme, "Sisi hatuna shida, ila mbele ya ukoo tuendelee kusema ni Waha." Watalisema kwa upendo kabisa. Mchumba wako naye anaweza kuliona ni busara. Hilo likatae. Ukilikubali utakuwa umerudi Kasulu kwa njia ndefu, na safari hii ukiwa na kundi zima la watu wanaokulinda siri na wanaoweza kukukumbusha kila mtakapokosana.

Kanisani kuna kitu kinanichekesha. Watu wangapi wameimba nyimbo za ile kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, wamelia nazo misibani, bila kujiuliza ni mji gani wa Tanzania wenye barabara zilizopewa namba namna hiyo? Ni makazi ya wakimbizi wa 72. Mama mkwe wako ukimkuta anaimba, mwache aimbe.

Kazini usiite mkutano. Huhitaji kumrudia kila uliyewahi kumwambia wewe ni Muha, acha tu kulisema tena, na rafiki mmoja au wawili wa karibu wasikie kutoka kwako kabla ya kadi za mchango kuandikwa "Mishamo." Mteja akikuuliza kabila dirishani, muulize kama dawa yake anakunywa kabla ya kula au baada.

Shangazi